Msambao si Usambazaji

Mwanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano aliyeko Mombasa anatafsiri somo kuhusu nyuzi za kioo zinazobeba data nyingi. Anauliza iwapo aandike "kuondoa usambazaji wa ishara", kama alivyokuta katika makala moja, au "kudhibiti mtawanyiko wa ishara", kama anavyosisitiza mwenzake.

Naanza na neno linalonikera siku zote, usambazaji. Kitenzi sambaa hakidai mtendaji. Kikiingia kauli ya kutendesha kinakuwa sambaza, na papo hapo anahitajika mtu au chombo cha kuifanya kazi hiyo kwa kukusudia. Mamlaka ya maji husambaza maji mitaani, na kazi yake ndiyo usambazaji. Ndoo ikipinduka sebuleni, maji yamesambaa, na hakuna mama Mswahili atakayemwita mwanawe apige deki kwa sababu pana "usambazaji wa maji" chini ya kochi. Mpigo wa mwanga ndani ya uzi wa kioo ni maji hayo ya ndoo. Ishara haina urefu mmoja tu wa wimbi, na kila urefu husafiri kwa kasi yake, hivyo mpigo ulioondoka mwembamba hufika umetanuka. Kutanuka huko, dispersion kwa Kiingereza, ndiko ninakokuita msambao. Katika uzi wa kawaida, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, mtanuko huo ni takriban pikosekunde 17 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde) kwa kila nanomita ya upana wa ishara, yaani tofauti kati ya mawimbi yake mafupi na marefu, na kila kilomita ya safari. Ishara yenye upana wa nanomita 0.1 ikienda kilomita 100 hutanuka kwa pikosekunde 170, ilhali katika mfumo wa gigabiti 10 kwa sekunde biti moja imetengewa pikosekunde 100 tu. Mipigo jirani huingiliana na kipokezi hushindwa kuitenganisha. Nani amesambaza hapo? Anayeandika usambazaji humfanya msomaji adhani anasoma habari za kuwafikishia wateja huduma.

Mtawanyiko una nafuu, kwa kuwa kiambishi -ik- hakimtaji mtendaji, lakini nao una kazi nyingine. Kuku waliorushiwa jiwe hutawanyika, kila mmoja na njia yake. Ndivyo ufanyavyo mwanga unapokutana na kasoro ndogondogo za msongamano wa kioo: sehemu yake hutoka nje ya uzi, ishara ikadhoofika. Udhaifu huo hutibiwa kwa vikuza ishara, ambavyo haviponyi msambao hata kidogo, kwani huukuza mpigo pamoja na unene wake. Maradhi mawili yenye tiba mbili hayawezi kuitwa jina moja.

Kuondoa nako kunapotosha. Dhibiti, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kushika barabara, ndilo hasa, kwa sababu wahandisi hawataki msambao uishe njiani. Nyuzi zilizoundwa ziwe na msambao sifuri kwenye nanomita 1550 zilipopitishiwa rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, rangi hizo zilienda sambamba mno, zikachanganyika na kuzaa nyingine zilizovuruga ishara. Kwa hiyo msambao huachwa kwa kiasi, kisha hufidiwa kwa uzi wenye msambao hasi, yaani wa kinyume, au, katika mifumo ya sasa, kwa hesabu zinazofanywa ndani ya kipokezi.

Basi aandike "kudhibiti msambao wa ishara". Mwenzake aking'ang'ania mtawanyiko nitamvumilia, mradi mwanga unaotoka nje ya uzi autafutie jina jingine. Usambazaji aufute leo.