Kwa Mzee Karani: Kijana wa kwenye mashua ni mfalme kweli?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache riwaya za George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, zile zilizozaa tamthilia ya Game of Thrones. Barua zimekuja za hasira, nyingine kurasa nne mbele na nyuma. Nimechagua chache. Ambaye hajasoma wala kutazama na hataki kuharibiwa utamu, afungue ukurasa wa mapishi, sitamlaumu.

Kwa mgeni wa safu hii: kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuandika alichosema shahidi, si walichodhani watu waliojaa kwenye mabenchi. Riwaya nazisoma vilevile. Vitabu vilivyotoka mpaka sasa ni vitano, cha kwanza 1996 na cha tano 2011. Tamthilia, iliyoanza 2011 ikaisha 2019, naisikiliza, lakini haifuti neno la kitabu.

*Shikamoo Mzee Karani. Mimi na mwenzangu wa chumba hapa hosteli tumenuniana kwa ajili ya Jaime Lannister. Yeye anasema ni shujaa aliyeonewa. Mimi nasema aliyemsukuma mtoto dirishani hana wa kumtetea. Tuamulie. — Wa Hosteli, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Mmechanganya majalada mawili, ndiyo maana hamsikilizani.

Jalada la kwanza ni kifo cha Mfalme Aerys wa ukoo wa Targaryen. Jaime alikuwa na miaka 17, amekula kiapo cha kumlinda mfalme huyo kwa uhai wake, naye ndiye akamuua. Nchi nzima ikambandika jina la Muua Mfalme na yeye hakufungua mdomo. Vitabu viwili vya mwanzo tunamwona kwa macho ya wengine tu. Cha tatu, cha mwaka 2000, Martin anampa sura zake mwenyewe, na huko kwenye ngome ya Harrenhal, amekaa kwenye maji ya moto, mkono wa kulia umeshakatwa na homa inampanda, anamweleza Brienne, mwanamke mpiganaji aliyekuwa akimsindikiza, yaliyotokea. Aerys alikuwa amefukia moto wa kijani chini ya jiji, na alipoona vita vimemshinda akaamuru liteketezwe na watu wake wote. Jaime alimuua kwanza Rossart, fundi wa moto huo aliyekuwa akienda kutekeleza amri, ndipo akamrudia mfalme. Huo ni utetezi na ninaupokea. Kwa nini hakuusema siku ile? Kwa sababu Ned Stark, bwana wa kaskazini aliyekuwa upande wa waasi, aliingia, akamkuta ameketi kwenye Kiti cha Chuma, kiti cha enzi chenyewe, akamtazama, na kijana akaona hukumu imeshatoka. Kiburi, basi. Nimewaona wengi kizimbani wakinyamaza hivyohivyo, na kunyamaza hakujawahi kumsaidia hata mmoja.

Jalada la pili ni la Bran, mtoto wa Ned, wa miaka 7, aliyepanda mnara akamkuta Jaime na dada yake pacha, Malkia Cersei, faraghani. Mwenzako atakwambia kwamba mtoto angesema, Mfalme Robert angemuua Cersei na watoto wake. Sawa, hiyo ni sababu. Utetezi haupo.

Jambo ambalo wapenzi wa Jaime hulisahau ni kwamba ameshakiri. Kitabu cha pili, akiwa mahabusu kwenye ngome ya Riverrun, Catelyn Stark anashuka kumhoji, anamuuliza mwanawe aliangukaje, na Jaime anamjibu waziwazi kwamba alimtupa dirishani. Sasa unganisha na mahali tulipomwacha kwenye kitabu cha tano: Brienne anamfuata kambini na kumwambia twende, nimempata binti unayemtafuta, lakini uje peke yako. Sisi tuliosoma sura zake tunajua Brienne ametoka mikononi mwa nani. Ni Catelyn huyohuyo, aliyeuawa kisha akafufuliwa, ambaye siku hizi ananyonga watu msituni na tamthilia haikumgusa kabisa. Kwa hiyo kesi ya Bran haijafungwa. Inakwenda kusikilizwa na mama wa mtoto, mwenye ungamo la mshtakiwa masikioni mwake. Kama Martin hakulipanga hilo, mimi si karani.

Kuhusu mwisho wa tamthilia, pale Jaime anapomrudia Cersei na kufa naye chini ya kifusi, mwambie mwenzako aache kulia. Kitabuni Cersei alimwandikia barua ya kumwomba aje amwokoe, naye Jaime akaichoma. Lakini nawe usimgeuze shetani, wala yeye asimgeuze malaika: siku chache kabla ya kuichoma barua hiyo alikuwa amemtishia Edmure Tully, bwana wa Riverrun, kwamba atamrushia ukutani mtoto wake kwa mtambo wa vita. Ngome ikasalimu amri bila kushambuliwa. Lipimeni hilo wawili, mkiwa mmepatana.

*Mzee wangu, heshima yako. Uliandika "huyo anayejiita Aegon" kana kwamba ni tapeli. Varys mwenyewe anasema ni yeye, tena anamwambia mtu anayekata roho. Nani anamdanganya maiti? — Mpenda Majoka, Dar es Salaam*

Hii ndiyo barua iliyonikosesha usingizi, nami nakushukuru. Kwa wasiojua: katika kitabu cha tano, Tyrion, mdogo wake Jaime, akiwa mtoroni anapanda mashua pamoja na kijana mwenye nywele alizozipaka rangi ya buluu. Anaambiwa kwamba huyo ni Aegon, mwana wa Rhaegar aliyekuwa mrithi wa Mfalme Aerys, yule mchanga ambaye dunia nzima inaamini aliuawa jiji lilipotekwa. Hadithi ni kwamba Varys, mkuu wa wapelelezi wa mfalme, alimbadilisha na mtoto wa fukara kabla askari hawajafika. Kichwa cha mtoto aliyeuawa kilipondwa, hakuna aliyeweza kuutambua uso. Tamthilia iliruka mkasa wote huu, ikaja kumpa Jon Snow, anayejulikana kama mwana haramu wa Ned Stark, jina la Aegon mwaka 2017.

Hoja yako ni nzito kuliko zote za upande wako. Kevan Lannister, huyo anayekata roho, anavuja damu, anamkumbuka yule mchanga aliyeviringishwa kwenye joho jekundu, anasema amekufa. Varys anakana: yupo hapa. Kisha anaeleza jinsi Aegon alivyofunzwa kutawala tangu hajaweza kutembea. Nimeisoma sehemu hiyo mpaka kitabu kimechomoka jalada. Varys anasema jina, anasema malezi, anasema kijana anajua kufua nguo zake na kulala njaa. Hasemi baba yake ni nani. Mtu makini namna ile, akiacha kitu, ujue amekiacha kwa makusudi.

Sasa vielelezo vyangu. Wanaompigania kijana ni Kampuni ya Dhahabu, mamluki wanaojisifu kwamba hawajawahi kuvunja mkataba, lakini kwa ajili yake wamevunja mkataba na mji wa Myr. Kampuni hiyo iliundwa na Aegor Rivers kwa kazi moja, kuwarudisha ukoo wa Blackfyre, tawi la nje la Targaryen, lenye joka jeusi badala ya jekundu. Vizazi na vizazi walipigana na Targaryen wenye joka jekundu. Leo wanampigania Targaryen wa joka jekundu bure? Tyrion naye analiona hilo, anamuuliza Illyrio, tajiri aliyemhifadhi, na Illyrio anajibu kwamba Blackfyre walikwisha kwa upande wa wanaume. Kwa upande wa wanaume! Hakimu yeyote wa mahakama ya mwanzo aliyewahi kusikiliza mirathi angeuliza palepale: na upande wa wanawake?

Illyrio mwenyewe, tajiri yule mnene, ana sanamu bustanini ya kijana wa miaka kama 16, mwembamba, mzuri, nywele za dhahabu, na ni yeye huyo enzi za ujana. Alikuwa na mke kipenzi, Serra, mwenye nywele za dhahabu zenye michirizi ya fedha, aliyekufa kwa tauni. Na anapomuaga Tyrion anatuma sanduku la zawadi kwa kijana: tangawizi ya sukari, maana alikuwa akiipenda sana. Sauti yake inakuwa na huzuni ambayo Tyrion hawezi kuielewa. Mfanyabiashara hahuzuniki hivyo kwa mtaji. Anahuzunika hivyo kwa mtoto aliyemtoa nyumbani.

Cha mwisho kimewekwa mahali ambapo nusu ya wasomaji hulala. Kitabu cha nne, Brienne anatembea na kasisi mzururaji anayesimulia habari za nyumba moja ya wageni. Zamani ilikuwa na bango la joka jeusi la chuma. Bwana mmoja akachukia kwa sababu joka jeusi ni alama ya waasi, akalikatakata na kulitupa mtoni. Miaka mingi baadaye kichwa kimoja kikaletwa na maji kisiwani, kikiwa chekundu kwa kutu. Joka jeusi linaingia majini, linarudi jekundu. Na kijana wetu amelelewa wapi? Mtoni, kwenye mashua.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba huyo ni mwana wa Illyrio na Serra, Blackfyre kwa upande wa mama, na mwenyewe hajui. Hapo ndipo ninapoipenda nadharia hii kuliko nyingine zote, kwa sababu haimfanyi tapeli. Kafunzwa lugha, historia, uvuvi na upanga, anaamini kila neno aliloambiwa, na huenda angekuwa mfalme mwema kuliko wote waliokaa kwenye kile kiti. Uongo ni wa wazee waliomlea. Ukinipinga, niletee ukurasa, usiniletee video.

*Sasa Mzee Karani. Hapa kwetu tumekubaliana kwamba Tyrion ni mwana wa Mfalme Aerys, ndiyo maana Tywin alimchukia. Wewe wasemaje? — Kundi la Wasomaji Sita, Nairobi*

Nawapinga wote sita. Ni kweli kitabuni yapo mashtaka kwamba Aerys alimtamani mke wa Tywin, mama yao Jaime na Tyrion, na wanaoitetea nadharia yenu hawakuitoa hewani. Shida yangu ni matokeo yake. Uchungu wote wa Tyrion na Tywin umesimama juu ya jambo moja, kwamba mtoto anayechukiwa ndiye aliyerithi akili ya baba. Shangazi yao Genna, dada yake Tywin, anamwambia Jaime hivyo bila kuficha: Tyrion ndiye mwana wa Tywin, si wewe, na alipomwambia Tywin mwenyewe, akanuniwa nusu mwaka. Mkimpa Tyrion baba mwingine, chuki ya Tywin inapata udhuru, na mshale ule ambao Tyrion alimuulia Tywin chooni unakuwa umempiga mtu baki. Nadharia inayomfanya mhusika awe mdogo kuliko alivyokuwa jana mimi siihitaji, hata iwe na vielelezo gunia zima.

*Assalaam alaykum. Ni kweli mashabiki waligundua siri ya wazazi wa Jon Snow miaka mingi kabla ya tamthilia? Na mwandishi hatabadilisha kitabu kwa hasira? — Mswahili wa Maskati*

Wa alaykumu salaam. Ni kweli. Kitabu kimoja tu kilikuwa kimetoka na tayari wasomaji walikuwa wakisema Jon si mwana wa Ned, ni wa Rhaegar na Lyanna, dada yake Ned. Walishika mambo madogo: ahadi ambayo Lyanna anamwomba Ned akiwa kwenye kitanda cha damu, harufu ya mawaridi, na walinzi watatu bora wa mfalme waliokuwa wakilinda mnara usio na mfalme ndani yake, wakafa hapo wote. Kitabu cha pili kikaongeza ua la buluu linalochanua kwenye ukuta wa barafu. David Benioff na D. B. Weiss walipomwendea Martin kuomba kutengeneza tamthilia, aliwauliza swali hilohilo, mama yake Jon ni nani, nao wakajibu sawa. Skrini ikaonyesha 2016. Kitabuni bado haijatamkwa.

Kubadilisha, hapana. Martin amesema mara kadhaa kwamba ukishapanda dalili kuelekea jibu moja, kuligeuza kwa sababu mtu amelipata mapema ni kuiharibu kazi. Nakubaliana naye.

*Mzee, nimeanza kitabu cha nne na simwoni Tyrion, Jon wala Daenerys. Nimeuziwa nakala pungufu? — Mwanafunzi, Arusha*

La, mjukuu wangu, nakala yako ni nzima. Kitabu hicho kilikuwa kirefu mno, Martin akakigawa kwa mahali badala ya wakati. Cha nne, cha 2005, ni cha kusini: Cersei, Jaime, Brienne. Wengine wamo kwenye cha tano, kinachorudi nyuma na kusimulia kipindi kilekile, kwa hiyo usishangae ukiona jambo limetokea mara mbili. Mbele kidogo ya nusu yake Jaime, Arya na Cersei wanaanza kujitokeza tena na hadithi inasonga pamoja. Wapo wanaovichanganya viwili hivyo sura kwa sura. Mara ya kwanza usifanye hivyo. Soma cha nne polepole mpaka mwisho, hata sura za kutembeatembea, halafu uniandikie unamwonaje Cersei, kwa sababu juu yake sijapata barua hata moja ya maana.