Kutoka friji za nyumbani kwenda vyumba vya baridi
Ndugu, umeuliza kama fundi wa friji za nyumbani anaweza kuhamia vyumba vya baridi bila uzoefu. Anaweza kabisa. Kikubwa kinachobadilika ni kwamba kapilari (kijibomba chembamba kinachopitisha gesi kidogo kidogo) inaondoka, inakuja valvu ya upanuzi, inayojirekebisha yenyewe kiasi cha gesi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Balbu yake, yaani kihisi joto cha valvu, ifunge ikaze kwenye bomba lililolala linalorudisha gesi kwenye kompresa, mara baada ya evapareta (sehemu inayopoza chumba). Isikae chini kabisa ya bomba, maana mafuta yanayopita pale huizuia kuhisi joto halisi. Kisha pima: joto la bomba, toa joto la gesi unalosoma kwenye geji ya shinikizo. Tofauti ya nyuzi 5 hadi 8 ni sawa. Ikikaribia sifuri, gesi inarudi ikiwa bado kimiminika na itavunja valvu za kompresa. Usiongeze gesi kabla ya kipimo hiki, tafadhali.

Ukichomelea mabomba, pitisha nitrojeni taratibu ndani yake. Bila hiyo magamba meusi ya ndani huziba chujio la valvu.

Umeme wa kuyeyusha barafu (taima, hita) nao ujifunze. Omba usaidizi kwenye kazi ya kufunga mtambo mpya, maana kwenye dharura hakuna mwenye muda wa kukuelekeza.