Muulize Mjomba: Hivi kweli kuna mjumbe nusu?

SWALI: Mjomba shikamoo. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa kuhusu Obama na Hillary ule mwaka 2008. Mwenzangu anasema Hillary ndo alikuwa na kura nyingi ila chama kikamdhulumu, alafu jamaa mwingine akadai kuna majimbo wajumbe wake walihesabiwa nusu nusu, tukamcheka sana. Tumalizie ubishi. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mpwa. Mkamuombe radhi huyo mliyemcheka, mnunulieni na kashata, maana ndo mwenye ukweli.

Ilikuwa hivi. Obama na Hillary Clinton walikuwa wanawania kuwa mgombea urais wa Marekani kwa chama cha Democratic, na anayempitisha mgombea ni wajumbe wa majimbo kwenye mkutano mkuu, wajumbe ambao wagombea hugawana kutokana na kura za maoni. Chama cha Democratic kilisema kabla ya Februari 5 majimbo manne tu ndo yapige kura za maoni, Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina. Michigan wakakaidi wakapiga Januari 15, Florida nao Januari 29, makao makuu wakawapiga adhabu, wajumbe wenu wote hatuwatambui. Obama akatoa jina lake Michigan, Hillary akaliacha. Sasa we fikiria mtu wa Detroit anayemtaka Obama, anafungua karatasi jina halipo, anaishia kutia alama kwenye kale kasehemu ka wasio na upande! Na hao wasio na upande wakafika kama asilimia 40, Hillary 55.

Mwanzoni hakuna aliyejali, walidhani mshindi atajulikana mapema tu. Mbio zikakaza mpaka Mei, kila mjumbe akawa dhahabu, na hapo Hillary akaanza kudai Michigan na Florida zihesabiwe. Mei 31 kamati ya kanuni ikakaa hotelini Washington, ukumbini watu wanazomeana, wa Hillary wanaimba "Denver! Denver!", yaani twende tukamalizane kwenye mkutano mkuu. Kambi ya Hillary walitaka wajumbe wa Michigan wagawanywe Hillary 73, Obama 55, wa Obama wakasema tugawane 64 kwa 64, kamati ikakata katikati, Hillary 69, Obama 59, na kila mjumbe ana nusu kura. Ndo nusu yenu hiyo. Walipiga kura 19 kwa 8 kuipitisha, na watu wa Hillary walinuna kwelikweli kwamba wameporwa wajumbe wanne.

Kuhusu kura nyingi, inategemea unahesabuje. Ukiiweka Michigan ambako Obama ana sifuri, Hillary yuko mbele, ukiitoa Obama yuko mbele. Mi binafsi naona kumhesabia sifuri mtu ambaye hakuwepo hata kwenye karatasi ni uhuni, ila na kuwanyima watu wa jimbo zima sauti kwa kosa la viongozi wao nako si sawa.

Kinachochekesha zaidi, Agosti huko Denver chama kiliwarudishia wajumbe wale kura zao nzima, wakati Hillary alishaachia ngazi tangu Juni 7.

SWALI: Mjomba, Texas mwaka huohuo nani alishinda? Kila nikisoma napata majibu mawili. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Yote mawili ni sahihi. Machi 4 watu wa Texas walipiga kura mchana, alafu usiku vituo vikishafungwa unarudi tena palepale kukaa kikao na kuhesabiana, na kikao nacho kina wajumbe wake. Hillary akachukua kura za mchana, Obama akachukua vikao, mwisho wa hesabu Obama ana wajumbe 99, Hillary 94. Nevada ilishatokea hivyohivyo, Hillary kamshinda ila Obama kaondoka na 13 yeye 12, kwa sababu wajumbe waligawanywa wilaya kwa wilaya na Obama alijiokotea huko vijijini. Bongo tunasema wajumbe si watu wazuri, basi muulize Hillary.