Betri ya tela la safari

SWALI: Ndugu Mhariri, nina tela la kulala ninalolivuta kati ya Mikindani na Lindi, lenye friji ndogo na taa za volti 12. Betri ya gari niliyoifunga imekufa kabla ya miezi sita. Ninunue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikiendesha friji usiku kucha, bamba zake nyembamba za risasi huharibika upesi. Tafuta betri ya sola, yenye bamba nene. Friji inayovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda hula ampea-saa 48 kwa siku (yaani ampea 4 mara saa 12), na kwa kuwa betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, ile ya ampea-saa 100 itakutosha siku moja tu, tena taa zikiwa zimezimwa. Ya lithiamu hustahimili kutumika hadi asilimia 80 na ni nyepesi, jambo kubwa kwa tela, ingawa ni ghali na huhitaji chaja inayolingana nayo. Ukichagua ya maji, yaani ya risasi inayojazwa maji ya asidi, nakusihi usiiweke chini ya kitanda: ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo ikae kwenye kisanduku cha nje chenye matundu, mbali na jua letu la pwani.