Mleta uzi, usiende na huo mchoro kwa bosi kesho

Mkuu, funga kwanza hiyo laptop. Umesema mchoro wako wa SHAP (ule unaoonyesha kila kigezo kimeusukuma kiasi gani utabiri wa modeli, yaani programu inayobashiri nani hatalipa) umeweka "idadi ya simu za kumkumbusha mteja" juu kabisa, nukta nyekundu zote, yaani wateja waliopigiwa mara nyingi, zimekimbilia kulia, upande wa kutolipa mkopo, na kesho saa nne unamshauri bosi mpunguze simu. Hilo shimo nimeshatumbukia, tena nikiwa nimevaa tai.

Ilikuwa taasisi ya mikopo midogo. Modeli ya XGBoost (inayobashiri kwa miti mingi ya maamuzi), inatabiri vizuri tu, na kigezo cha juu ni hizo hizo simu. Nikasimama mbele ya wakubwa, nikawaambia, "Simu zetu zinawakera wateja, ndiyo maana hawalipi." Wakafurahi sana, maana vocha ni gharama. Simu zikakatwa. Mwezi wa pili marejesho yakaanza kulegalega, akaja mama mmoja muuza mitumba, mlipaji mzuri siku zote ila msahaulifu: "Mwanangu, mbona siku hizi hamnikumbushi? Nikajua mmenisamehe."

Ndipo nikaenda kwa afisa mikopo, ambaye meza yake iko hatua kumi kutoka kwangu. Hakuinua hata macho: "Tunampigia aliyeanza kuchelewa. Aliyelipa nimpigie nimwambie nini?"

Basi. Simu nyingi ni dalili kwamba mtu ameshachelewa, na modeli inaitumia dalili hiyo kubashiri. Haijasema simu ndiyo inayomchelewesha. Mimi nilifanya kama mtu aliyeona waliolazwa hospitali wanakufa zaidi ya walio nyumbani, akashauri hospitali zifungwe.

Na yule mwalimu wa kozi ya wikendi aliyetuambia "mchoro huu unakuonyesha sababu", hela yangu aliila. Cheti chake watoto wamekichorea ng'ombe, na ng'ombe ndiye mwenye maana zaidi pale. Lundberg na Lee walipoitoa SHAP 2017, kichwa cha makala yao chenyewe kilitaja kufasiri utabiri wa modeli. Wa modeli, mkuu! Mteja hayumo.

Kwa hiyo kabla hujaigusa nukta yoyote, mfuate anayeiingiza hiyo idadi ya simu, muulize: hii hupanda lini, kabla mteja hajaanza kuchelewa au baada? Kama ni baada, hata kwenye modeli ya kutabiri kabla ya kutoa mkopo haifai kuwemo.

Halafu ile 0.7 ya SHAP uliyoandika "asilimia 70", ifute. Kwa XGBoost ya ndiyo au hapana, SHAP kwa kawaida inahesabu kwa logi ya uwiano wa ndiyo kwa hapana. 0.7 inaufanya uwiano huo uwe karibu maradufu: aliyekuwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kutolipa anafika kama 18, hafiki 80.

Uliuliza pia kuhusu random forest (aina nyingine ya modeli) na rangi za slaidi, sijui nini na nini. Hayo baadaye. Kikao ni saa nne, afisa mikopo anaingia saa mbili.