Kumeza kukiuma na kinga yako iko chini, usikubali kubahatishwa

Juzi nimepata meseji ya msomaji, dada mmoja yuko kwenye kemo, zile dawa za saratani, anasema kila akimeza kitu kinashuka kifuani kama kisu, na ameambiwa ni asidi tu. Hiyo "asidi tu" naijua mimi.

Nilipandikizwa figo. Wenzangu mliopandikizwa mnajua, unameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae, na miezi ya mwanzo unapewa na dawa ya kuzuia kirusi kinaitwa saitomegalo, CMV. Muda wa ile dawa ukaisha nikaacha kama nilivyoelekezwa, ila hakuna aliyenieleza kwamba hapo ndo CMV inapenda kuibuka.

Wiki chache tu, kumeza kukaanza kuuma. Siyo kooni, ni katikati ya kifua, nyuma ya mfupa. Kuna usiku nilikaa kitandani na kijiko kimoja cha maji, nakiangalia tu najipa moyo, nilipomeza machozi yakatoka yenyewe, baada ya hapo hata mate nikawa nayatemea kwenye kitambaa. Nikapewa dawa za asidi. Nikarudi, wakasema fangasi, nikapewa flukonazoli. Hapo siwalaumu, fangasi ndo inaongoza kushambulia umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, ya mtu mwenye kinga ndogo na kuanza nayo ni sawa. Lakini dawa yake huwa inaleta nafuu ndani ya siku chache, mimi wiki imekatika hakuna kitu, homa juu, naambiwa nivumilie, na mmoja akasema nina wasiwasi mwingi. Ile kauli mpaka leo inaniuma.

Daktari mwingine ndo akanipitisha kamera kooni kuangalia njia ya chakula. Kidonda kirefu kimechimbika karibu na tumbo. Akakata vinyama kadhaa vya kupima, vingine ukingoni vingine kwenye kitako cha kidonda, akanieleza sababu: kirusi cha hapesi hukaa kwenye kingo, CMV inajichimbia chini, ukichukua sehemu moja unaweza kukikosa. Na dawa ni tofauti, hapesi ni asiklovia, CMV ni gansiklovia. Yangu ilikuwa CMV. Nikawekwa drip asubuhi na jioni kwa wiki mbili, damu inapimwa mara kwa mara maana ile dawa inashusha chembe nyeupe, na dawa zangu za kushusha kinga wakazipunguza wao, siyo mimi, tafadhali msijipunguzie wenyewe nyumbani!

Jamani tusiogope kuuliza. Sema wazi kwamba umepandikizwa, au uko kwenye kemo, au unaishi na VVU, usimwachie daktari akisie. Mwenye VVU, CMV inapenda sana pale CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ikishuka chini ya 50, kwa hiyo ARV usizikatishe, na ukiona vitu vinaelea machoni au ukungu sema siku hiyo hiyo kwa sababu kirusi hicho hicho kinaharibu jicho. Ukishindwa kunywa hata maji usisubiri kesho. Flukonazoli isipokusaidia, omba kamera, omba vinyama, ukiambiwa subiri uliza nasubiri nini.

Dada, nimekujibu inboksi pia. Kesho nenda na karatasi yenye dawa zako zote na siku maumivu yalipoanza. Kamera wanakupulizia ganzi kooni au wanakupa ya usingizi, haichukui muda. Ukitoka niandikie.