Majibu kwa wasomaji: kifua kikuu, sindano na wafungwa transjenda

Mdogo wangu ni mwanamke transjenda, yaani alizaliwa akihesabiwa mvulana ila anaishi kama mwanamke, naye yumo gereza la wanaume. Anakohoa wiki ya tatu sasa, lakini haendi zahanati kwa sababu askari humvua nguo mbele ya wenzake. Afanyeje?

Apimwe makohozi wiki hii hii. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kushuku kifua kikuu, na kipimo hakihitaji mtu avuliwe nguo. Mwandikie mkuu wa gereza, ubaki na nakala yenye muhuri, na nakala nyingine mpe wakili au shirika la msaada wa kisheria. Akikutwa nacho, atameza dawa miezi 6 bila kuruka. Daktari aambiwe kila dawa anayotumia, homoni zikiwemo: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha kiwango cha estrojeni (homoni ya kike) mwilini, na anayetumia dolutegravir kwa VVU pamoja nayo huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Akiogopa kutaja homoni kwa kuchelea kutukanwa, matibabu yote yatayumba. Muuguzi anayemcheka mgonjwa wa namna hii anasambaza kifua kikuu.

Wamemtia seli ya peke yake "kwa usalama wake". Si afadhali?

Hapana. Kanuni za Mandela, za Umoja wa Mataifa kuhusu kutunza wafungwa, zinakataza kifungo cha upweke kinachozidi siku 15 mfululizo. Tena aliyefungiwa peke yake humtegemea askari mmoja amfikishie dawa, na siku asipofika, dozi imekosekana. Atakaye kumlinda awazuie wanaomshambulia.

Kifua kikuu huambukizwa kwa kushiriki sahani?

Hapana! Ni kwa hewa. Swali hili linarudi kila mara, huku madirisha ya seli yakibaki yamezibwa. Acheni sahani, fungueni madirisha.

Mwenzangu alinyimwa homoni gerezani, sasa anajidunga za magendo kwa sindano ya kuazimana. Kuna hatari?

Kubwa: VVU, homa ya ini B na C. Aache sindano hiyo leo, apimwe yote matatu, na asipokutwa na homa ya ini B achanjwe. C hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, mradi ijulikane. Lawama ni ya waliomkatia homoni alizokuwa akipewa na daktari kabla ya kukamatwa.

Kwa nini kodi yangu iwatibu wahalifu waliobadili jinsia?

Si wote walio ndani ni wahalifu: wapo mahabusu, hawajahukumiwa. Dudley Lee alikaa mahabusu gereza la Pollsmoor, Afrika Kusini, tangu 1999 hadi 2004, akaugua kifua kikuu humo, kisha akaachiwa huru. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliiwajibisha serikali kwa ugonjwa wake. Nchini humo humo, mwaka 2019, Mahakama ya Usawa ilisema kumzuia Jade September, mfungwa transjenda, kuvaa na kujipamba kama mwanamke ni ubaguzi. Kuhusu kodi yako: askari magereza hulala kwake kila siku, na mahabusu hutoka kwa dhamana akapanda daladala moja nawe. Mwenye kifua kikuu asiyetibiwa kwa sababu ya jinsia yake anaambukiza sawa na mwingine yeyote.

Rafiki yangu alibakwa seli juzi usiku. Tusubiri polisi waandike maelezo?

Msisubiri chochote. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Apimwe pia kaswende na homa ya ini B. Msimamizi akidai "kwanza tuchunguze", mtakeni aandike jina lake, tarehe na saa aliyokataa, na wakati huo huo mpigieni wakili.